Jembe Ambalo Sikulitoa

Mwanangu Editha,

Shikamoo yako ya leo asubuhi niliipokea nikiwa nimeinamia ndoo, nikaiitikia kwa mgongo. Naiitikia tena hapa: marahaba, mwanangu. Sasa hivi uko sokoni na shangazi yako Skola, mnatafuta ndala na shuka. Nyumba iko kimya, kuku wameingia sebuleni kwa sababu hakuna wa kuwafukuza, nami nimekalia kiti chako cha kusomea. Naandika kwenye daftari lako la zamani la jiografia, kurasa za nyuma ulizoziacha wazi. Kesho alfajiri basi litapita Kasulu, shangazi yako atashuka arudi kwake Titye, na wewe utaendelea mpaka Tabora, chuoni. Kwa hiyo nina mchana huu tu.

Habari za maji ya kuchemsha, chandarua, wavulana na kusali ameshakupa shangazi yako, na mkifika Kasulu atakuwa amekupa mara ya pili. Mimi siongezi. Wewe ulianza kusonga ugali wa watu wawili ukiwa umesimama juu ya kigoda. Mtu wa namna hiyo nimfundishe nini kuhusu sabuni?

Nianze kama tunavyoanza sisi watu wa bondeni: hali ya hewa kwanza, kisha afya, kisha familia. Upepo wa vumbi umegoma kuondoka. Mawingu yanajikusanya kila jioni upande wa Burundi, yanatutisha, halafu yanakwenda zake. Jana yalidondosha matone mawili matatu, Mama Jeni akapiga vigelegele bondeni kote kana kwamba mafuriko yamekuja. Maji ya mfereji yamekuwa membamba, kabichi zangu zimefunga, vitunguu bado viko kitaluni vinanisubiri. Afya: mgongo wa Mzee Bukuru umekataa kabisa kunyooka. Mama Jeni ametolewa mtoto wa jicho, na sasa anaona hata yasiyomhusu. Mwalimu Shabani, yule aliyeletwa huku na serikali kutoka Tanga, akaja na bamia zake, anastaafu mwisho wa mwaka, na binti yake kajifungua salama. Alipotuambia alisema "Alhamdulillahi" mara nne. Mama Jeni alizihesabu.

Halafu leo asubuhi zamu ya kusema ikafika kwangu. Kwa miaka kumi na moja, zamu hiyo ikinifikia nimesema neno moja tu: amahoro. Yaani amani, hakuna jambo. Nikishasema, nageuka nafungua maji yangu, basi.

Utaratibu wetu unaujua kwa kuusikia, ila hujawahi kusimama pale banioni kama mwenye bustani, kwa hiyo nitauandika wote. Banio letu, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni kuingia mfereji, ndipo tunapokutana kabla jua halijapanda. Hakuna anayegusa maji kabla watu hawajaulizana. Unasema ya kwako. Ukiwa na mgonjwa nyumbani na siku hiyo ni zamu yako ya maji, hubebi tena mzigo: unamkabidhi jembe lako yule ambaye bustani yake iko chini ya yako. Unalitoa kwa mpini, analipokea, unaondoka. Atayageuza maji tuta kwa tuta mpaka mwisho kana kwamba ni yake. Jioni atalileta jembe, ataliegemeza ukutani, atauliza mgonjwa kaamkaje. Hakuna asante wala malipo. Wazee walituachia hivyo. Na lingine waliloacha ni hili: mtu akishasema amahoro, haruhusiwi mtu kumdadisi. Neno la mwenye nyumba ndilo hilo hilo.

Bustani iliyo chini ya yangu ni ya Mzee Bukuru.

Sasa Mzee Bukuru unamwona leo anakuletea miwa na kukuita mama mkubwa. Miaka kumi na moja iliyopita tulikuwa hatusemezani. Kisa ni mpaka. Kati yake na mimi palikuwa na mstari wa mchaichai, na mimi nikala kiapo kwamba ameusogeza nusu hatua kuja kwangu. Nusu hatua! Hata mchicha wa kulisha sungura hauenei hapo. Lakini nilikuwa kijana, na nilikuwa mbishi, na nilishasema mbele za watu kwamba mkono wangu hautagusana na wake tena. Kiangazi chote tukawa tunaamkiana pale banioni kwa sababu desturi inadai, "Mwakeye," "Mwakeye," huku kila mtu akiangalia miguu yake. Mama yako alinicheka. Aliniambia, "Baba Editha, siku ukifa huyo ndiye atakayechimba kaburi, sijui utamkatazaje." Nilinuna siku mbili.

Alikuwa hivyo mama yako. Wa Kasanda wale, maneno hawanunui. Nakuandikia hili kwa sababu sijakusimulia vya kutosha habari zake. Kila ulipouliza nilikupa vitu vidogo vidogo: alipenda ndizi za kuchoma, aliimba nje ya sauti kanisani. Sikukunyima kwa uchoyo. Nilikuwa nikianza kumsimulia najua mahali simulizi litakapofika, nami sikutaka kufika huko.

Leo nitafika.

Ilikuwa majira kama haya haya. Vumbi, mawingu ya uongo, maji membamba. Nilikuwa na nyanya, matuta kumi na mawili, zimetoa maua na kuanza kufunga. Nyanya ikikosa maji siku hizo inaangusha maua yote, na mimi nilishajisifu bondeni kwamba mwaka ule watakula vumbi langu. Zamu yangu ikafika. Nikaamka. Mama yako alikuwa ameshaamka, amekaa ukingoni mwa kitanda, anajisugua mkono wa kushoto. Alikuwa na presha tangu mimba ile iliyoharibika, unaijua habari hiyo. Akasema, "Leo usiende. Kichwa kinanigonga na mkono huu siuelewi." Nikamwambia alale kidogo, nitarudi mapema. Akasema, "Baba Editha, leo usiende." Mara mbili alisema. Hakuwa mtu wa kusema kitu mara mbili.

Nikaenda.

Banioni wakaulizana. Mama Jeni akamaliza ya kwake, ambayo hayaishi. Mwalimu Shabani akamaliza ya kwake. Wakaniangalia. Jembe lilikuwa begani. Mzee Bukuru alikuwa amesimama pale karibu, kama kutoka mlangoni hapo mpaka mezani. Nilijua la kusema. Nilikuwa nimelishika mdomoni. Lakini kulisema ilikuwa ni kumnyooshea Bukuru mpini mbele ya watu wote, na yeye ndiye aokoe nyanya zangu. Nikasema, "Amahoro."

Hapo ndipo watu wengi wangemalizia kujilaumu, nami kwa miaka nilijidanganya kwamba kosa langu ni hilo moja. Siyo.

Saa mbili hivi ulikuja. Nakuona mpaka leo. Darasa la pili, sweta la shule limevaliwa nje ndani, mguu mmoja una kandambili na mwingine hauna. Ulikuwa unahema. Ulikuja mbio njia nzima, Editha, kandambili ilikukatikia kwenye kilima cha kanisa, hukurudi kuichukua. Ukasimama ukingoni mwa tuta ili usikanyage nyanya, kwa sababu nilikufundisha usikanyage. Ukasema, "Baba, mama anasema uje sasa hivi. Mkono wake hauinuki na maneno yake yanateleza." Ulisema hivyo hivyo, neno kwa neno, wazi, kwa sauti ya kutosha. Mzee Bukuru alikuwa anapalilia upande wake, akasikia. Akanyanyuka. Akanyoosha mkono kuelekea kwenye jembe langu, akauacha pale hewani.

Nami nikakwambia, "Nenda, mwambie nakuja." Nikawapa mgongo wote wawili.

Yalikuwa yamebaki matuta manne. Nilijiambia matuta manne si kitu. Kisha ukingo ukabomoka nikauziba, kisha nikaona bora nimalize na lile la mwisho maana maji yenyewe yameshalifikia. Nilipoinua kichwa jua lilikuwa juu, yapata saa nne. Bukuru alikuwa bado amesimama mahali pale pale. Nilimpita kama mti.

Yaliyotokea nyumbani uliyaona wewe kabla yangu, sina haja ya kukuandikia. Majirani, pikipiki, mama yako kati yangu na dereva, kichwa chake kinagonga bega langu kwenye kila shimo. Alikuwa hai. Macho yalikuwa wazi, yananiangalia. Maneno hayakuwepo tena.

Hospitalini walifanya kazi yao, sina neno baya juu yao. Kesho yake asubuhi, shangazi yako akiwa ameshafika kutoka Titye, daktari mmoja kijana alikuja na faili akaniuliza, "Mzee, hali hii ilianza saa ngapi?" Lilikuwa swali tu. Hakuwa na ubaya. Lakini niliona kalamu, nikaona dada yangu amekaa pembeni ananitazama, na hofu ikanishika, hofu ya kitoto kabisa. Nikasema, "Kama saa nne." Akaniambia majirani waliotufuata nyuma wamesema tangu alfajiri. Hapo nikasema. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kama kuna mtu aliyenisukuma, hakuna. Nilisema mwenyewe: "Mimi nilikuwa shambani. Mtoto alitumwa kuniita, akachelewa njiani. Watoto, si unajua." Na nikatikisa kichwa, kama baba anayesikitikia utundu wa mwanawe.

Siku ya tatu mama yako akafariki. Na lile neno langu, shangazi yako alikuwa ameshalibeba. Hakulibeba kwa ubaya, aliulizwa msibani na akina mama kwa nini mgonjwa alicheleweshwa, akajibu alichosikia kwa kaka yake. "Mtoto alitumwa, akacheza njiani." Lilizunguka mkekani mpaka jioni. Nilikuwa nimekaa na wanaume chini ya turubai, nikalisikia likipita. Mzee Bukuru alikuwa kwenye benchi la mbele, naye akalisikia. Akageuka akanitazama, akanisubiri. Alinisubiri muda mrefu, uji ukaletwa, vikombe vikakusanywa, yeye bado ananiangalia. Nikatazama chini. Yeye ni mtu wa desturi: mwenye nyumba ameshasema, nani amdadisi? Akanyamaza. Miaka kumi na moja amenyamaza, na kila mwaka anakuletea miwa.

Wewe ulikuwa ndani, kwenye kona, umekumbatia magoti. Ulisikia.

Watu wananisifia kwamba sikuoa tena, kwamba nilikulea peke yangu, kwamba sikuonekana nikilia. Nikuambie ukweli wa kutolia. Umewahi kuulalia mkono usiku, ukaamka ukaukuta upo lakini si wako? Mimi nilikufa ganzi namna hiyo, mwili mzima. Mama yako anashushwa kaburini, mimi nafikiria kama nyanya zimepata maji. Zilipata. Bukuru alizimwagilia bila kupewa jembe, akatumia la kwake. Zikaiva vizuri kuliko mwaka wowote, zikapikwa kwenye msiba, watu wakasifu mchuzi. Nilikula. Sikusikia ladha wala uchungu. Ulipata kuniuliza kwa nini silimi nyanya, nikakujibu zina ukungu. Hazina ukungu wowote.

Na ganzi hiyo haikuisha, mwanangu. Usidhani naandika huku machozi yanadondoka, daftari kavu hili hapa utaliona. Nilizoea. Nilipanda, nilivuna, nilikusuka nywele vibaya mpaka Mama Jeni akanihurumia akaniambia acha, utamng'oa mtoto ngozi. Ulipofaulu nilisema vizuri. Ulipoumwa homa kali ile, nilikaa pembeni ya kitanda kama mtu anayesubiri basi. Niliona unanitazama usoni ukitafuta kitu. Nilijua unachokitafuta, lakini sikuwa nacho.

Kisha ule mwaka wa Titye. Nilikuambia nimekupeleka kwa shangazi kwa sababu shule ya kule ni nzuri. Shule ya kule ilikuwa na walimu watatu na bati linalovuja, nani asiyejua? Nilikupeleka kwa sababu sikuweza kukuangalia. Ulikuwa ukinyanyuka kila ninapoita. Ukitumwa chumvi unakwenda mbio, unarudi mbio, unasimama mbele yangu unahema na kuniambia, "Baba, nimewahi." Hilo kovu la kidevuni ulilipata hivyo, kwa chumvi ya kuungia maharage. Walimu wakanisifia: mtoto wako hatumwi mara mbili, umemlea. Nikasema asante. Titye ulidhani ni adhabu, nami nilijua unadhani hivyo. Nilikuja kukuchukua mwisho wa mwaka, ukapakia begi lako haraka haraka kabla hata sijanywa maji.

Sasa sikiliza la Alhamisi. Mlikuwa chumbani na shangazi yako mnakunja nguo, mimi niko nje dirishani nachambua mbegu za vitunguu kwenye ungo. Akakuuliza, "Lakini wewe, kwa nini uuguzi? Ualimu ungekaa karibu na baba yako." Nawe ukajibu taratibu tu, kama unataja bei ya kitu, "Shangazi, mimi nilichelewa mara moja." Akasema, "Ah, mama, ulikuwa mtoto. Mungu alishasahau." Ukasema, "Mimi sijasahau."

Nilikuwa na mbegu kiganjani. Nikaendelea kuchambua mpaka ungo ukaisha. Usiku ule wote nilisikia ile sentensi yako, na nilichoshangaa ni kwamba iliuma. Iliuma mahali fulani hapa chini ya mbavu, kidogo, kama ganzi inapotaka kuachia. Sijui kama ni vizuri au vibaya. Nakuandikia tu kwamba iliuma.

Leo ni zamu yangu ya maji, lakini unaona niko nyumbani. Asubuhi banioni wamesema ya kwao, wakaniangalia, nikashusha jembe begani nikamnyooshea Mzee Bukuru mpini. Nikasema, "Nyumbani kwangu kuna mgonjwa." Mama Jeni akaruka, "Ee! Nani? Editha? Na safari kesho?" Nikasema si Editha, ni mimi. Nikawaeleza, nimesimama pale pale. Nyanya, kandambili, matuta manne, daktari, yote. Nilikuwa naongea kama mtu anayesoma tangazo. Mama Jeni alikaa chini kwenye tope na kanga yake nzuri. Mwalimu Shabani akasema jambo la dini kwa sauti ya chini, sikulishika. Bukuru alilipokea jembe, akaligeuza, akapitisha kidole kwenye makali. Akasema, "Butu hili." Kisha akasema, "Umewaambia hawa. Hawa si waliolibeba lile neno lako." Akaingia kwenye bustani yangu na mgongo wake ule, akafungua maji.

Kwa hiyo shangazi yako naye atajua leo. Nitamwambia nyinyi wote wawili mkiwa mezani, na yeye atarudi nalo Titye, na Kasanda kwa wajomba zako nitakwenda mwenyewe wiki ijayo nikaseme. Watakalonifanya watanifanya.

Sikuandikii kwamba ningemwokoa. Sijui. Daktari yule alisema yeye pia hajui. Mara nyingine najiambia angekufa hata kama ningeruka kutoka bondeni saa ile ile, na usiku huo nalala. Mara nyingine sijiambii. Hilo la mama yako ni langu na Mungu, tutamalizana. Lakini hili la kwako halina "huenda" ndani yake. Ulitumwa, ukakimbia, ukafika, ukasema. Aliyesema ulichelewa alidanganya, na mdanganyifu wa kwanza ni mimi.

Kuna jambo moja tu la kazi yako nitakuambia, kwa sababu kwenye hilo mimi ni mtaalamu. Huko wodini watakuja wanaume wamebeba wake zao, watoto wamebeba baba zao. Utawauliza imeanza lini, watakutajia saa. Usiiandike upesi saa hiyo. Mpe mtu kiti, mpe maji, muulize tena, na usimtazame kama hakimu. Wenye saa za uongo ni watu walioogopa. Na akisema mtoto ndiye aliyechelewesha, basi Editha, mtafute huyo mtoto alipo.

Nilifikiria kuiweka barua hii chini ya begi lako uikute Tabora. Hata bahasha nilishaitafuta. Ningekuaga stendi kwa mkono, ungekuwa mbali ukiisoma, nisingeuona uso wako. Ningeponea hapo kama nilivyozoea. Hapana. Mkirudi sokoni nitakupa mkononi, nami nitakaa hapa hapa nikikuangalia unavyosoma. Ukitaka kunitukana nitukane, kwa Kiha au kwa Kiswahili, vyote navisikia. Ukitaka kupanda basi kesho bila kuniaga, panda, usimwonee mtu haya. Ada ya chuo nimelipa kwa sababu ni chuo chako, haikuwa hongo. Na ukitaka kubadili ukasomee kitu kingine, badili. Sitaki uende kuwa muuguzi kwa ajili ya kosa la mtu mwingine.

Nimeandika kurasa zote hizi na bado nimelizunguka jambo moja. Kuku wamepanda mezani, nawaacha. Nikiliruka hili, mengine yote nimeandika bure.

Ni siku ya kuanua matanga. Watu walishaondoka. Nilikuwa nyuma ya jiko nakusanya sufuria za watu nizirudishe. Ulikuja taratibu, siku ile hukukimbia. Ulivaa gauni jeusi la kuazima linaloburuta. Ukapiga magoti kwenye majivu, ukapiga makofi ya heshima mawili kama mama yako alivyokufundisha kuwaamkia wakubwa, ukasema, "Baba, nisamehe. Nilichelewa." Ulikuwa na miaka minane. Ulijua kwamba hukuchelewa, Editha, miguu yako ilikuwa inajua, lakini wakubwa wote walisema umechelewa, na baba yako hakukataa, basi ukatuamini sisi kuliko miguu yako.

Ningeweza kukuinua pale pale. Palikuwa hapana mtu, ni wewe na mimi na sufuria.

Nikakuwekea mkono kichwani, nikakwambia, "Nimekusamehe, mwanangu."

Ukashukuru. Uliniambia, "Asante, baba."

Hilo ndilo lililoniua, siyo yale ya bondeni. Nilikusamehe! Nilisimama pale kama mtu mwema, nikakupa msamaha uliokuwa deni langu kwako, ukaupokea kwa mikono miwili, ukaishi nao mpaka leo.

Naomba unirudishie. Lile neno nililokupa, na ile asante uliyonipa, virudi vyote. Hukuwa na kosa la kusamehewa, mwanangu. Hukuwa nalo siku ile na hujawahi kuwa nalo.

Nasikia sauti zenu njiani. Shangazi yako anacheka.

Baba yako,
Yeremia